Mchi wa Mama na Robo Tenki

Newburg, Louisville
Jumapili, baada ya ibada

Kaka yangu mpendwa, Baba Goreti,

Amani ya Bwana ikukute hapo Kasulu ukiwa umeketi, siyo ukiwa umelala chini ya gari. Mgongo wako unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyokutumia ilikusaidia, au ilikuunguza ngozi tu? Na wifi yangu, kifua chake kimetulia na hili vumbi la kiangazi? Niambie kweli, usinifiche kwa sababu niko mbali.

Sisi huku tunaamka, tunakwenda kazini, tunarudi. Shemeji yako Baba Neema bado anajichoma sindano za sukari. Macho hayamruhusu kushika usukani, lakini mdomo wake ni mzima kabisa, Mungu asifiwe. Neema yupo, anasoma, nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza.

Kaka, nakuandikia kwa kalamu kwa sababu mke wa mchungaji wetu anasafiri kuja huko Jumatano, na kwa sababu jambo lenyewe sikuweza kulisema kwenye simu. Ile Jumamosi ya harusi ya Goreti uliponiuliza, "Yusta, safari ilikuwaje?" nikajibu, "Salama tu, kaka." Simu yako ilikuwa kwenye spika. Nilisikia watoto, majirani, na wazee wa kanisa wakipiga vigelegele. Ningesema nini mbele yao? Nilidanganya. Safari haikuwa salama, na karibu mwanao akose kutolewa siku ile.

Halafu ukanipa na wewe habari njema, kwamba kanisa limekukabidhi pikapu ya kupeleka wagonjwa Kigoma, ile iliyokuja karibuni. Ukasema kwa kuringa kidogo, na nilifurahi kukusikia ukiringa, "Wala hailali na zaidi ya robo tenki. Wezi wa huku watalamba bati!" Watu wakacheka. Mimi nikanyamaza, wewe ukadhani mtandao umekatika. Haukukatika, kaka. Nilikuwa nimeshika ukuta.

Acha nianze mwanzo.

Pikapu yangu unaijua kwa picha, ile ya kijani yenye mlango mmoja mweupe. Umri wake na wa Neema ni sawa. Miaka sita imenibeba kwenda ghalani Jeffersontown, mimi na akina mama watatu wa kanisani kwetu, na haikuwahi kunitia aibu. Wiki tatu kabla ya harusi ndipo ikaanza. Tulikuwa tunapanda daraja, injini ikawa kama mtu anayepaliwa. Nakanyaga mafuta, haiendi. Ikakohoa mara mbili, ikazima. Magari nyuma yanapiga honi, Mama Eliza yuko nyuma yangu anakemea mapepo. Tukakaa kama nusu saa. Nikawasha, ikawaka kama vile haikufanya kitu.

Kesho yake nzima ilienda vizuri. Kesho kutwa yake ikazima tena, mchana, jua kali.

Nikaipeleka kwa fundi mmoja wa mtaa wa South End. Akaizungusha mtaa mzima, haikuzima. Akabadilisha chujio la mafuta, akaniambia gari halina ugonjwa. Unajua yule mtoto anayelia nyumbani usiku kucha, ukimfikisha zahanati anamchekea daktari? Ndiyo hiyo. Akina mama wakaja kuliombea, wakaweka mikono juu ya boneti, tukakemea kwa nguvu. Mungu anisamehe nikicheka: tuliliombea mbele, kumbe ugonjwa ulikuwa nyuma.

Sikukaa bure, kaka. Nilikumbuka mafundisho yako, wakati ule kwenye kambi ya wakimbizi ulipokuwa dereva wa lori la kuni na mimi nakushikia tochi. Ulisema injini inaomba vitu vitatu tu: hewa, moto na mafuta, kikikosekana kimoja, usibishane nayo, tafuta kipi. Nikatazama hewa, chujio lake lilikuwa safi. Plagi zilikuwa zinatoa cheche. Yakabaki mafuta. Geji inasema yapo. Basi yapo lakini hayafiki, na siyo kila siku hayafiki. Hapo ndipo kichwa kiliponiuma.

Baba Neema alisema, "Kwenda harusini tupande basi."

"Na godoro? Na cherehani? Na masufuria? Na mchi wa mama?"

"Mchi nitaubeba begani, nitasema ni fimbo ya kipofu."

Mchi huo unaujua. Kinu kilibaki kwa jirani tulipoondoka, lakini mchi mama alinifungia mwenyewe kwenye kitenge, akasema atakayeolewa kwanza katika wajukuu zake aupate. Ndiye Goreti. Ulinikabidhi mtoto ana miaka kumi na miwili, faili lenu la kuja Amerika likakwama, letu likapita, nikamlea hapa Newburg mpaka akapata kazi ya kutunza wazee huko Buffalo, na harusi ikapangwa hukohuko. Na desturi yetu unaijua: binti hatoki chumbani mpaka shangazi yake amshike mkono. Baba yake hayupo, mama yake hayupo. Mimi nikikosekana, mwanao anatoka na nani? Nilikuwa nalala na swali hilo, naamka nalo.

Watu wa kanisani walitangulia na magari yao Alhamisi. Mimi nilikuwa na shifti ambayo sikuweza kuikwepa. Ijumaa asubuhi tukafunga turubai, tukaomba, tukaondoka. Nilipita sheli nikaweka mafuta yangu ya kawaida, mshale ukafika robo na kidogo. Nilikuwa nimepanga kuongeza kidogo kidogo njiani, kama ulivyonizoesha.

Kwenda Columbus, katikati ya safari, ni mwendo wa saa tatu na nusu hivi. Sisi ilituchukua saa nane. Ilizima kabla hatujavuka mto kuingia Ohio, ikazima tena mara nne. Kila mara ni vilevile: inapumua kwa shida, inazima, tunakaa nusu saa, inawaka. Malori yanapita pembeni mpaka pikapu inatikisika. Baba Neema anasoma Zaburi kwa moyo kwa sababu kitabu haoni. Mara ya tatu nikamwambia, "Geuza ufunguo, usiwashe, geuza tu," nikaenda nyuma nikaweka sikio kwenye ubavu wa tenki.

"Imelia?" akapaza sauti.

"Wewe geuza tu!"

"Nimegeuza! Wewe sikiliza tu!"

Siku zote ukigeuza ufunguo unasikia mlio mdogo kule nyuma, ngiii, kama mbu ndani ya chupa, halafu unanyamaza. Safari hii hakuna. Kimya. Tulipokaa nusu saa nikasikiliza tena: ngiii. Ikawaka. Basi nikajua pampu ya mafuta ndiyo inayozimia na kuzinduka. Lakini kwa nini? Hilo sikulijua.

Columbus tulifikia kwa Mkongomani mmoja fundi, tulimpata kupitia kwa mchungaji. Anaitwa Papa Shukuru, mtu wa Uvira, mnene, anafanyia kazi uani kwake. Alitukaribisha chakula kwanza. Mimi nikawa natazama pikapu tu.

"Mama, kula. Gari haikimbiake."

"Harusi ndiyo inayokimbia, Papa. Kesho saa tano."

Akafunga kwenye bomba la mafuta kipimo chenye mshale, kama kile cha presha ya damu. Akaacha injini inaunguruma juani, akavuta kiti, akakaa kukiangalia kama mtu anayeangalia chungu cha maharage. Dakika ishirini, mshale umesimama. Thelathini, umesimama. Nikaanza kuomba gari liharibike. Kaka, umewahi kuomba ombi la namna hiyo? Baada ya dakika arobaini mshale ukaanza kushuka polepole, injini ikakohoa, ikazima. Papa Shukuru akaruka kama aliyefunga goli. "Njo ile!" yaani, ndiyo ile. Akageuza ufunguo: kimya. Akaingia chini na nyundo ya mpira, akagonga tenki mara mbili. Ngiii! Mshale ukaruka juu.

Akatoka anajifuta mikono, akaniuliza, "Mama, esansi unajazaka mpaka wapi?" Wao mafuta ya gari wanaita esansi.

"Robo."

"Leo?"

"Siku zote."

"Tangu lini?"

"Tangu niinunue. Miaka sita."

Akamtazama Baba Neema, akanitazama mimi. "Bon. Mama, sikia. Mu hii gari pompe inakaaka ndani ya tenki. Inaogelea mu esansi, esansi njo inaipoza. Weye unaiacha sawa samaki inje ya maji. Miaka sita samaki iko inje! Donc, inachoka, inapata moto, inazimia. Nani alikufundisha kutembea na robo?"

Kaka, sikusema ni wewe. Nilisema, "Ni mazoea ya kambini."

Lakini nilikukumbuka. Nilikumbuka asubuhi ile tulipokuta mpira umeachwa kwenye mdomo wa tenki la lori, mafuta yote yamenyonywa, na tajiri wako akasema mbele ya watu kwamba wewe ndiye uliyeyauza. Miaka minne ya kazi ya uaminifu ikaishia palepale, watu wanakutazama. Tangu siku hiyo uliapa gari lolote utakaloshika halitalala na mafuta ya kumtia mtu tamaa. Ukanifundisha na mimi. Na hukukosea. Lori lile, pampu yake ilikuwa mbele, imefungwa kwenye injini, haikujali tenki lina nini. Ulinipa akili iliyolifaa gari lile na mahali pale. Mimi nikaibeba mpaka Amerika kama nilivyobeba mchi, bila kuuliza kama huku kuna kinu.

Pampu mpya ya pikapu ya umri ule haikupatikana siku hiyo. Ingekuja Jumatatu. Papa Shukuru akasema, "Jaza. Jaza mpaka kwa shingo. Isishuke nusu. Labda itakufikisha."

"Labda?"

"Mama, mimi ni fundi, siko nabii."

Nikaenda sheli. Nilishika ule mpira, mafuta yakaingia, na mshale wa moyoni ulipofika robo mkono wangu ukaachia wenyewe. Baba Neema akachungulia dirishani. "Mbona umeacha?" Nikasema hakuna kitu. Nikabonyeza tena. Nikaachia tena. Utacheka, lakini mwili wangu ulikuwa unatazama huku na huku kama kuna mtu nyuma ya ukuta ananisubiri nimalize. Mara ya tatu nikafumba macho, nikasema Bwana ndiye mlinzi, nikashikilia mpaka chombo chenyewe kikajikata. Miaka sita sikuwahi kuusikia mlio ule, tak!

Tulilala kwa Papa Shukuru. Alfajiri kabla ya kunawa uso nilikwenda kutazama geji. Imejaa kama tulivyoiacha. Hakuna aliyekuja.

Saa kumi na moja tukaondoka. Gari lilikwenda, kaka! Saa tatu nzima halikukohoa hata mara moja. Baba Neema akaanza kuimba. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye mshale. Ulipokaribia nusu nikasema sheli inayofuata naingia. Tulikuwa tumeshafika kule ziwa linakoonekana upande wa kushoto. Nikaona kibao, lakini lori kubwa lilikuwa limenibana upande wa kutokea, nikapita. Ya mbele ikawa mbali sana. Mshale ukalala chini ya nusu, jua limepanda, na simu ya Goreti inaita kila dakika tano.

Ndipo ikapumua kwa shida. Nikaivuta pembeni, ikazima. Ilikuwa saa tatu na robo asubuhi.

Baba Neema akaanza kuomba. Nikamwambia, "Omba huku unashika ufunguo." Sikuwa na nyundo. Nikafungua turubai, nikatafuta chochote kizito, mkono ukakuta kitenge. Nilisita, Mungu anajua. Kisha nikaufungua mchi wa mama, nikavaa koti langu la ghalani juu ya gauni langu la kuvaa harusini, nikaingia chini ya pikapu, magari yanapita kwa kishindo kama dunia inapasuka.

Nikagonga. "Geuza!"

"Kimya!"

Nikagonga tena. Kutu ikaniangukia machoni.

"Bado!"

Nikasema, mama, kama ulitwanga kwa huu miaka yote ukatulisha, nitwangie na leo. Nikapiga kwa hasira. Na kutoka kule mbele nikasikia mume wangu analia kama mtoto, "Inalia! Mama Neema, inalia!"

Ilituchukua mara mbili zaidi, kugonga na kusubiri karibu saa nzima kila mara, mpaka tukapata sheli. Niliijaza mpaka kwa shingo, safari hii bila kufumba macho.

Tulifika ukumbini Buffalo saa saba kasoro. Mchungaji wa huko alikuwa na ndoa nyingine saa tisa, ameshaangalia saa mpaka amechoka. Msemaji wa upande wa bwana harusi, mzee mmoja mwembamba mwenye kofia, alikuwa ameshatoa shauri kwamba mama mwingine yeyote asimame badala ya shangazi, twende kanisani, Mungu haangalii mambo madogo. Wengi walikubali. Wakamwita mama wa watu, wakampa na mtandio. Goreti alifunga mlango kwa ndani. Waliniambia alisema neno moja tu: "Baba yangu hayupo, mama yangu hayupo. Shangazi yangu yuko njiani. Nitakaa." Hapo zilikuwa zimebaki kama dakika kumi wavunje shughuli na kuihamishia wiki nyingine. Dakika kumi, kaka.

Niliingia na koti la ghalani, uso una masizi, mchi mkononi. Nilisahau kuuweka chini. Yule mzee akasema kwa sauti, "Shangazi! Tulidhani umebaki Ohio kumtafutia binti bwana mwingine!"

"Nilitafuta, nikakosa mzuri kama wenu," nikamjibu.

"Na huo mchi? Umekuja kutupiga?"

"Mchi huu leo umeshapiga kitu kizito kuliko wewe, mzee wangu. Nipishe."

Ukumbi ukaanguka kwa kicheko, na mimi nikapita nikilia. Nikabisha mlango nikasema, "Goreti, ni mimi." Ukafunguka. Mwanao ni mzuri, kaka. Anafanana na wewe hapa kwenye paji la uso. Alinishika na masizi yangu yote, nikamwambia atachafua gauni, akasema, "Lichafuke." Nikanawa, nikamvika mtandio, nikamshika mkono, nikamtoa. Saa nane na robo walikuwa mke na mume.

Mchi una doa la kutu kwenye ncha. Nimelisugua halitoki. Mama mkwe wake aliuliza ni kitu gani, Goreti akamwambia ni historia ya kwetu.

Pampu mpya Papa Shukuru aliifunga tuliporudi, na ile ya zamani alinionyesha. Imeungua ndani, nyeusi kama mkaa.

Sasa sikiliza, kaka yangu. Wewe ni mkubwa wangu, ulinifundisha kuendesha, ulinifundisha kusikiliza injini, na bila sikio ulilonipa nisingejua hata pa kugonga. Nisingethubutu kukusahihisha mbele ya wanao na wazee, ndiyo maana nilinyamaza kwenye simu. Lakini ile pikapu ya kanisa ni ya kisasa. Pampu yake iko ndani ya tenki kama yangu. Haitakuambia kitu leo wala mwakani. Itakwenda vizuri, itakwenda vizuri, halafu siku moja kwenye kilima, mama mjamzito yuko nyuma na nesi wake, itapumua kwa shida. Mimi nilichelewesha harusi tu. Wewe ndani ya gari lako unabeba watu wasioweza kusubiri nusu saa.

Jaza tenki, kaka. Weka kifuniko chenye ufunguo, lilaze gari ndani ya uzio wa kanisa, mlinzi awepo. Na ikitokea likanyonywa tena, hakuna wa kukunyooshea kidole: mimi dada yako ni shahidi wako, na hata ile siku ya lori nilikuwa shahidi wako, ila nilikuwa msichana mdogo nikaogopa kusema mbele ya tajiri kwamba ulilala nyumbani usiku kucha. Hilo nalo nimelibeba muda mrefu. Nisamehe.

Nisalimie wifi yangu, mwambie picha za harusi ziko ndani ya bahasha hii, yule aliyevaa kitenge cha mama yake ni Goreti kweli. Wasalimie wadogo zake Goreti, mjomba wetu wa Kibondo mguu wake ukimruhusu kuja, jirani aliyetunza kinu cha mama, na wazee wa kanisa walioshangilia kwenye simu. Shemeji yako anakusalimu, anasema yeye ndiye aliyegeuza ufunguo, isisahaulike.

Naomba unijibu upesi, hata kwa mistari miwili kupitia kwa huyu mke wa mchungaji kabla hajarudi. Niandikie tu mshale wa mafuta umesimama wapi.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Yusta, Mama Neema